Thumuni ya Bi Time

Karafuu za mwisho za baba zilipimwa Wete, siku ya Alkhamisi,
makonyo yametolewa, jamvi limekung'utwa,
na karani akaandika kwa wino wa buluu
510,510.
Laki tano na elfu kumi, mia tano na kumi.
Kama mtu aliyebisha hodi, akasubiri, akabisha tena.

Mie ni mwalimu wa hesabu. Namba hainipiti hivi hivi.
Nyumbani Pandani, watu wakila ubwabwa wa arubaini,
nilikaa jikoni na kipande cha mkaa, nikaichambua sakafuni.
Mbili imo, maana ni shufwa.
Tatu imo: jumlisha tarakimu, kumi na mbili.
Tano imo, sifuri ya mkiani inashuhudia.
Na namba yoyote ya tarakimu tatu ikisemwa mara mbili
ni yenyewe mara elfu moja na moja,
na ndani ya elfu moja na moja wamelala
saba, kumi na moja, kumi na tatu.
Ikabaki kumi na saba. Nikaigusa, ikafunguka.

Tasa saba za mwanzo. Hakuna iliyorukwa,
hakuna iliyokuja mara mbili.
Shangazi Bikombo, aliyeitwa neno hilo ujana wake wote,
alinisikia nikinong'ona, akauliza nani anasengenywa.
Nikamwambia: shangazi, hao ndio wanaozijenga namba nyingine zote.
Akanyamaza. Akaongeza chumvi mchuzini.

Nikatoka uani na furaha ya kijinga.
Pesa hizi, nikasema, zingegawika kwa majirani kumi na saba
isibaki hata shilingi. Zingekuwa mikarafuu,
ungepanda mistari mia saba na kumi na nne,
kila mstari miche mia saba na kumi na tano, shamba likajaa sawasawa.
Kaka Faki akanitazama.
"Sisi ni wana watatu, binti mmoja, na mjane.
Mama ana thumuni yake."

Nane.
Nikagawa kwa mbili: 255,255. Witiri. Mlango umefungwa.
Lile lililonifurahisha, kwamba hakuna anayejirudia,
ndilo lililomnyima mama:
mbili ilikuja mara moja, naye aliihitaji mara tatu.

Mafungu manane: mama moja, mie moja, kaka zangu mawili mawili.
Kila fungu elfu sitini na tatu, mia nane na kumi na tatu,
na senti sabini na tano
ambazo hakuna duka Pemba nzima linalozijua.
Binti na mjane sawa kabisa,
mpaka kwenye senti zisizokuwapo.

Usiku, baada ya shufwa na witiri, usingizi ukakataa.
Nikaongeza moja: 510,511. Wale saba wote wakageuza mgongo.
Nikadhani nimepata tasa. Karibu na alfajiri
nikamkuta kumi na tisa amejikunyata ndani,
na tisini na saba, na mia mbili sabini na saba.
Kumbe aliyewakataa wote unaowajua
bado kuna ambao hujawauliza.
Nikaongeza ya pili: 510,512. Nane ikaingia bila hodi.

Shilingi mbili tu.

Asubuhi Mbarouk akapekua kopo la misumari la baba,
akapata sarafu moja imelika uso, isiyonunua hata kiberiti.
Mama akaipokea, akaigeuza, akamrejeshea.
"Baba yenu akipima pishi, juu akitia na konzi.
Hino robo tatu mwaniandikia ya nini?
Kila fungu liandikeni zima. Zinazopungua toeni kwangu."

Tukaandika. Kaka zangu wakatia saini, nami nikatia.
Hesabu ilifunga, nimeikagua mara nne.
Mama 63,812.
Mie 63,814.
Hizo mbili zimo humu katika pochi, miongoni mwa nyingine,
na sijui ni zipi.